Kisu cha safari: Nepal ni mbali, mhunzi yuko Garissa

Kila likizo ikikaribia, swali huwa lile lile. Vijana wanaopanga kwenda Ishaqbini kumtazama hirola, au kulala usiku mmoja karibu na hifadhi ya twiga ya Bour-Algy nje ya mji wa Garissa, huniuliza wabebe kisu gani. Wananiuliza mimi kwa kuwa biashara ya mbuzi hunipitisha barabara ya Garsen, Hola na Garissa mara kwa mara, na kwa biashara hiyo mtu halali hotelini kila siku. Siku hizi swali huja na jibu lake ndani. Wameshaona kwenye simu kisu cha Kinepali kiitwacho kukri, kimepinda kama bawa la mwewe, na wanachotaka kujua ni jinsi ya kukiagiza tu.

Kukri ni kisu kizuri, na anayekimudu simkatazi. Lakini chuma chake aghalabu ni springi ya lori, na springi ya lori inafuliwa Garissa pia. Anayejua kukagua kisu cha mkono atapata kizuri kwa mhunzi wa hapa kwa sehemu ndogo ya bei. Asiyejua ataliwa pesa zake huku na huko.

Tuanze na hicho kinachotamaniwa. Kukri kina makali upande mmoja, kimepinda kwenda mbele, na tumbo lake ni pana kuelekea nchani. Uzito umekaa mbele, kwa hivyo ukipiga tawi, kisu kinafanya kazi ya kishoka. Bapa huwa na urefu wa sentimita 25 hadi 28 hivi, na mgongo karibu na mpini huweza kufika unene wa milimita 8 au zaidi. Hapo hapo karibu na mpini pana pengo dogo lililochongwa kwenye makali, ambalo wenyewe hulipa maana nyingi, za dini na za kazi. Ndani ya ala hukaa visu vingine viwili vidogo: karda, cha kazi ndogo ndogo, na chakmak, ambacho hakina makali na ni cha kunolea na kupigia cheche za moto.

Puuza hadithi kwamba kikichomolewa lazima kionje damu kabla ya kurudishwa. Wanepali hukitumia kukatia kuni, mboga na nyama. Kingekuwa na sharti hilo wasingebaki na vidole.

Waingereza walikijua kisu hiki walipopigana na Nepal kati ya 1814 na 1816, wakavutiwa na wapiganaji wake kiasi cha kuanza kuwaajiri. Hata pwani yetu imewahi kukiona. Novemba 1914, Waingereza walipojaribu kuuteka mji wa Tanga kutoka kwa Wajerumani, Wagurkha waliokuwa katika kikosi cha Kashmir Rifles walikuwa miongoni mwa wachache waliofanikiwa kuingia mjini, kabla jeshi zima halijashindwa na kurudi melini. Basi kukri si mgeni kabisa Afrika Mashariki, ijapokuwa hakikuja kupiga kambi.

Namna kinavyotengenezwa ndiyo inayonifanya nikiheshimu. Mhunzi huchukua springi kuukuu ya lori, huikata, huipasha motoni na kuifua hadi ipate umbo. Kisha huipasha tena mpaka iwe nyekundu, na hapo halichovyi bapa zima majini. Hushika birika, kama hili la chai, na kumimina maji polepole juu ya makali tu. Makali hupoa ghafla na kuwa magumu. Mgongo hupoa taratibu na kubaki laini, wenye kustahimili pigo. Wazee wetu waliita kazi hii kutia matiko, na neno hilo lingali hai kwa mafundi wa zamani. Kisu kisichotiwa matiko sawasawa ni kipande cha bati chenye mpini, hata kiwe na nakshi gani.

Wahunzi hao wa Nepal ni wa tabaka liitwalo Kami. Katika mpangilio wa kale wa nchi hiyo walihesabiwa miongoni mwa watu wasioguswa: kisu chao kilikaa kiunoni mwa kila mtu, lakini maji waliyoyagusa hayakunyweka. Sheria ilifuta ubaguzi huo mwaka 1963, na mwaka 2011 ikatungwa nyingine ya kuwaadhibu wanaouendeleza. Ya pili isingehitajika lau ya kwanza ingetosha.

Msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera akifika hapa atakuwa ameshatabasamu kwa uchungu, kwa sababu anaijua hadithi hii kwa jina jingine. Kwa Wasomali ufuaji chuma ni kazi ya Tumaal, na jina lenyewe latokana na kitendo cha kufua. Kwa Waborana wa kaskazini wahunzi huitwa Tumtu. Tumaal ndio waliofua mikuki, mashoka, na billaawe, lile jambia la Kisomali lenye makali pande zote mbili na mpini wa pembe. Bila wao mfugaji asingekuwa na chombo cha kukatia miiba ya boma wala cha kuchinjia. Hata hivyo, kwa desturi, watu wa koo nyingine hawakuwaoza binti zao wala hawakuoa kwao. Watu wanaswali safu moja msikitini, bega kwa bega, na bado likija suala la posa mtu anaulizwa babu yake alishika nyundo au hakushika.

Naliandika hili katika makala ya kununua kisu kwa kuwa linagusa kisu chenyewe. Kijana aliyezaliwa katika nyumba ya ufuaji hataki kuonekana mbele ya mivukuto. Akitaka kubaki na chuma huenda kuchomelea mageti na madirisha, kwa kuwa fundi wa kuchomelea haulizwi ukoo. Panga za kiwandani nazo zimejaa madukani. Wanaobaki kufua ni wachache, wengi wao watu wazima, na visu vyao huuzwa na watu wengine wasiotaja nani amevifua. Ukikuta kisu cha mkono kwenye kibanda cha kamba, ndoo na vifaa vya wafugaji, sokoni Suuq Mugdi au pembezoni mwa soko la mifugo, muulize mwuzaji ni kazi ya nani. Akisita, uliza tena kwa upole. Kisu kinachojulikana fundi wake kinaweza kurudishwa kikipinda, na fundi anayejua utamrudia hafui ovyo. Hiyo ni faida ambayo mnunuzi wa kukri la mtandaoni hana.

Kabla ya kuchagua, jiulize nchi yenyewe inataka nini. Garissa haina milima. Ni tambarare ya vichaka, mchanga na udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha, na katikati yake Mto Tana na ukanda wake wa miti mikubwa. Mtu anayepiga kambi huko ana kazi nne za kisu. Ya kwanza ni miiba. Migunga ipo tangu zamani, na sasa kuna mathenge, mti ulioletwa Kenya miaka ya 1970 ukapandwa Bamburi kufufua machimbo ya mawe, kisha Bura miaka ya 1980, halafu ukajieneza wenyewe hadi ukafunga njia na malisho. Mwiba wake hutoboa tairi. Ukitaka kusafisha mahali pa hema, kisu chepesi cha jikoni kitakuaibisha.

Kazi ya pili ni kuni. Ya tatu ni gari lililokwama: unakata matawi ya kutosha na kuyalaza chini ya magurudumu. Walioipita barabara ya Mororo kabla na baada ya mafuriko ya Novemba 2023 na Aprili 2024 hawahitaji kuelezwa. Kwa kazi hizi tatu kukri hufaa sana. Panga fupi zito nalo hufaa, na shoka dogo la mfugaji hufaa kuliko vyote viwili kwenye mathenge mnene. Wafugaji wenyewe hawaingii kwenye miiba kwa kisu peke yake. Hubeba shoka na hangool, ile fimbo yenye ndoana upande mmoja na panda upande wa pili, ya kuvutia na kusukumia matawi. Tazama mikono ya mfugaji kisha tazama ya kijana wa mjini aliyekata miiba kwa kukri bila hangool, utajua nani ana akili.

Kazi ya nne ni nyama, na hapa kukri hakinifai. Kambi yetu ya pwani bila mbuzi si kambi. Kuchinja kunataka bapa lililonyooka, jembamba, lenye makali mno, lipite mara moja mnyama asiteseke. Dini imetuagiza hivyo. Tumbo la kukri lililopinda na mgongo wake mnene halipiti shingoni kwa wepesi, na kuchunia ngozi nalo ni kazi ya kumlaani aliyelibuni. Karda ni kidogo mno. Kwa hivyo hata mwenye kukri atahitaji kisu cha pili, na mimi nasema aanze na hicho cha pili.

Kisu ninachokipendekeza kwa safari za huku kina bapa la sentimita 18 hadi 22, limenyooka au limepinda kidogo tu nchani, makali upande mmoja, mgongo wa milimita 4 hadi 5. Kitachinja, kitachuna, kitachonga vigingi vya hema, na kikipigwa mgongoni kwa kipande cha gogo kitapasua kuni za mkono. Matawi manene mwachie shoka.

Sasa ukaguzi, na hapa usiwe na haraka hata mwuzaji akikunja uso.

Shika kisu kwa usawa wa jicho, makali juu, utazame urefu wake kama fundi seremala anavyotazama ubao. Mstari uwe mmoja kutoka mpini hadi ncha. Bapa lililopinda upande mmoja lilipinda wakati wa kupozwa na halikunyooshwa. Likinyooshwa likiwa baridi huenda lina ufa usiouona. Nyufa zitafute hasa penye makali. Springi nyingi hutaka kupozwa kwa mafuta, na fundi anayezichovya kwenye maji baridi kwa pupa huzipasua. Mafundi wazuri niliowaona hutumia oili chafu ya injini. Gonga bapa kwa ukucha au kwa funguo: chuma kizima hulia wazi na mlio hukawia, chenye ufa hulia kama sufuria lililopasuka.

Kisha omba tupa. Kila mhunzi anayo. Pitisha tupa taratibu kwenye makali: ikiteleza kama kwenye kioo, makali ni magumu. Ikiuma na kutoa vumbi kwa urahisi, matiko hayakushika, na kisu hicho utakinoa kila jioni. Pitisha na mgongoni. Hapo tupa inafaa iume. Kisu ambacho ni kigumu kote, mgongo na makali, kitakatika siku utakapokipiga kwenye kigogo kikavu, na kipande kinachoruka hakichagui jicho la nani.

Ugumu peke yake hautoshi, kwa sababu baada ya kupozwa ghafla chuma huwa kigumu mno na chepesi kuvunjika. Fundi lazima akipashe tena kwa moto mdogo mpaka rangi zianze kutembea juu ya chuma kilichosuguliwa: kwanza manjano ya majani makavu, halafu kahawia, halafu zambarau na buluu. Makali ya kisu husimamishwa kwenye manjano. Buluu ni ya springi yenyewe. Muulize fundi anasimamia rangi gani. Anayejua kazi atakujibu kabla hujamaliza swali, na pengine atakueleza kwa nini hupenda kupasha kivulini au magharibi jua likishatua: kwenye jua kali jicho halioni rangi ya moto sawasawa. Anayekuambia kwamba rangi haina maana, mwage kwa heri.

Jaribio la mwisho ni la kazi. Omba upige mara kumi kwenye gogo kavu la mgunga, kisha tazama makali kwenye mwanga. Yakipinda kama karatasi, ni laini. Yakimeguka vipande vidogo vidogo, ni makavu mno. Yakibaki yalivyo, anza kuzungumza bei. Mwuzaji anayekataa jaribio hili ana sababu yake, na sababu hiyo si yako kuilipia.

Mpini huangaliwa na wachache, na ndio huvunjika kwanza. Msuka, yaani ule mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini, ndio uhai wa kisu. Katika kukri kuna aina mbili. Moja msuka ni bapa pana linaloonekana pande zote za mpini na limefungwa kwa ribiti. Nyingine msuka ni mwembamba, umezamishwa ndani na kushikizwa kwa ulimbo wa miti unaoitwa laha. Visu vya Garissa vina mgawanyo huo huo. Kwa kambi chagua cha ribiti. Ulimbo hulainika kwa joto, na gari lililoegeshwa juani Garissa adhuhuri litakilainisha hadi mpini uanze kucheza. Shika bapa kwa kitambaa, tikisa mpini kwa nguvu. Ukisikia hata mlio mdogo, rudisha.

Kuhusu kilichotengenezewa mpini, kuwa macho. Mti mgumu ni salama, mfupa wa ngamia ni salama, pembe ya ng'ombe ni salama. Billaawe kuukuu lenye mpini wa pembe ya ndovu au ya kifaru usilishike, hata uambiwe ni la babu wa babu. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya 2013 haina huruma kwa anayekutwa na nyara bila kibali. Hata kukri halali linaweza kukuletea maneno hapa: mipini mingi ya Nepal ni ya pembe ya nyati wa kufugwa wa Asia, lakini askari wa wanyamapori hana njia ya kujua kwa macho kwamba si nyati wa Tsavo. Ukiagiza, taka mpini wa mti.

Ala nayo si pambo. Kisu kisicho na ala nzuri huumiza mwenyewe kwanza. Ngozi iwe nene, mshono uwe pembeni mbali na njia ya makali, na ndani mwisho pawe na kipande cha ziada cha ngozi cha kupokea ncha. Mafundi wengi wa chuma hawashoni ala vizuri, na hilo si kosa lao, ni kazi ya mwingine. Pwani tulikuwa na Siyu, mji uliosifika kwa mafundi wa ngozi na wa chuma pamoja. Leo mshona viatu yeyote mwenye sindano nene atakufanyia ala ya maana ukimpelekea kisu chenyewe.

Lililo bora kuliko kununua kilicho tayari ni kuagiza. Mara ya mwisho nilimwendea mzee mmoja, nikaketi, nikangoja amalize moto wake. Nilimwamkia kwa Kiswahili, nikamwita Adeer kama wenyeji wanavyomwita mzee wa rika la baba. Aliniuliza, "Wataka cha kuonyesha watu au cha kazi?" Nikamwambia cha kuchinjia mbuzi na kuchongea vigingi. Akaniuliza nitumie mkono gani, akautazama mkono wangu, akapima mpini kwa vidole vyake. Hakuna tovuti iliyowahi kunitazama mkono. Nililipa shilingi 1,200 na nikangoja siku mbili, na kwa bei hiyo sikupunguza hata senti. Mtu akifua springi kwa mkono siku nzima, kumvuta bei kama unanunua vitunguu si ujanja. Ukipeleka springi yako mwenyewe kutoka kwa fundi gari, bei hushuka. Chagua iliyotumika lakini isiyovunjika, kwa kuwa iliyokatika huenda ina nyufa nyingine ndani.

Kukri lililofuliwa kwa mkono na kuuzwa nje ya Nepal nimeliona likiuzwa dola 60 hadi 150, kabla ya usafirishaji na ushuru. Ukiamua kuliagiza, tafuta muuzaji anayetaja fundi na mahali. Bhojpur na Dharan ni miji yenye sifa ya kazi hiyo. Jihadhari na yenye nakshi nyingi na simba wa shaba kwenye mpini, hizo ni za watalii kutundika ukutani. Na uwe tayari kifurushi kuzuiliwa na wewe kuitwa ueleze ni cha nini.

Hapo tunaingia kwenye jambo ambalo lina uzito kuliko matiko: barabara. Anayetoka pwani kwenda Garissa atapita vizuizi kadhaa, na kabla ya daraja la Tana abiria hushushwa kukaguliwa vitambulisho na mizigo. Tangu Mpeketoni mnamo Juni 2014, na tangu Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, ambapo watu 148 waliuawa, kisu katika ukanda huu hakitazamwi kama kinavyotazamwa Naivasha. Hilo nalielewa. Nisilolikubali ni kwamba halitazamwi sawa kwa kila abiria. Nimekuwa ndani ya basi, kwenye kizuizi ambacho sitakitaja, mtalii akapita na panga lake juu ya begi huku askari wakimtakia safari njema, na kijana wa Kisomali mwenye kisu cha kuchinjia kilichofungwa gazetini akabaki chini saa nzima akieleza. Alikuwa anakwenda arusini.

Sheria yenyewe inasema hivi. Kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kinamhusu mtu anayepatikana na silaha ya hatari katika hali inayoonyesha kwamba alikusudia kutenda kosa kubwa la jinai, na kifungo chake ni miaka 7 hadi 15. Maneno ya kuyakumbuka ni "katika hali". Kisu ni kile kile; kilipo, saa ngapi na kimevaliwaje ndivyo vinavyokuhukumu. Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56, nayo haitaki silaha kwenye mikutano na maandamano. Kwa hivyo usikivae kiunoni mjini, sokoni wala stendi. Kifunge ndani ya ala, kisha kwenye kitambaa, kikae chini ya mzigo pamoja na hema, sufuria na kamba, ili anayekikuta akikute kati ya wenzake. Begi liwe kwenye buti la basi, si miguuni. Ukiulizwa kama una kitu chenye makali, sema kabla hakijaonekana: "Ndiyo afande, kisu cha kambi, kiko chini ya hema, tunakwenda mahali fulani." Beba risiti au karatasi ya fundi, na barua au nambari ya mwenyeji wa hifadhi unayokwenda. Ndegeni hakiingii kwenye begi la mkononi hata kiwe kifupi vipi. Na usilale porini upande wa Ijara na Boni bila kuuliza walinzi wa hifadhi na chifu wa eneo. Huko tangu 2015 kuna operesheni ya usalama, na moto wa kambi usiotarajiwa huonekana mbali.

Ukishakifikisha nyumbani, kumbuka kwamba springi si chuma kisichoshika kutu. Chumvi ya hewa ya pwani itakila kwa juma moja ambalo Garissa kingekaa miezi. Kifute baada ya kila kazi, hasa baada ya damu na limau, kipake mafuta kidogo ya kula, na usikihifadhi ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu, kwani ngozi huvuta unyevu. Kinoe kwa kinoo na maji, ukishikilia pembe ile ile aliyoiacha fundi. Usimpe mnoaji wa gurudumu la umeme: cheche zile ni joto, na makali yakigeuka buluu, matiko yameondoka na itabidi urudi kwa mzee aanze upya.